Paipu Nyembamba Kuliko Penseli

Ilivunjika mikononi mwa fundi kama gome la mdalasini. Ilikuwa paipu ya breki ya Land Rover 109 yangu, ile inayopita juu ya chesisi kwenda ekseli ya nyuma, na kwa umri wake huenda ilifungwa pale kabla sijazaliwa. Siku mbili nyuma, nikiteremka kutoka Monduli Juu, pedeli ilizama mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Niliokolewa na gia namba mbili na handibreki. Katika Land Rover za zamani handibreki haishiki magurudumu, inashika shafti inayopeleka nguvu nyuma. Ukiivuta gari likiwa mwendoni, gari zima hutetemeka kama linataka kufumuka, lakini linasimama.

"Mwanangu," mzee aliniambia akiwa bado amelala chini ya gari, "redio umebadilisha, viti umebadilisha, rangi umepiga. Hii hukuitazama?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kwake mwezi uliopita kuulizia breki za diski.

Paipu yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.75, nyembamba kuliko penseli ya mtoto wa shule. Tairi limejazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ndani ya kipaipu hicho shinikizo linaweza kupita bar 70. Wahandisi wenyewe walichukua miaka mingi kukiamini, na mmoja wa wakubwa wao alikikataa hadi uzeeni.

Hapo mwanzo hapakuwa na paipu wala kimiminika. Agosti 1888 Bertha Benz alipolichukua gari la mumewe bila kumuaga, akaondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda kwa mama yake Pforzheim, breki zake zilikuwa vipande vya mbao vinavyokandamizwa kwenye gurudumu. Miteremko ikavila. Inasimuliwa kwamba alisimama kwa fundi viatu mmoja njiani, naye akavipigilia ngozi, na hiyo ndiyo laining ya kwanza ya gari duniani. Sidai kwamba ndiyo sababu kile kinachobana ndani ya dramu kinaitwa kiatu, ila napenda kufikiri hivyo.

Kwa miaka 30 na zaidi baada ya hapo, nguvu ya mguu ilisafirishwa kwa fimbo za chuma na nyaya. Gari nyingi zilikuwa na breki magurudumu ya nyuma tu, maana kupeleka fimbo kwenye gurudumu linalokata kona ni kazi ngumu. Na hata zilipofika magurudumu yote manne, kazi ilikuwa kuzisawazisha: fimbo moja ikilegea kidogo kuliko mwenzake, gari linavuta upande. Dereva wa enzi hizo alikuwa lazima awe na spana karibu.

Aliyetatua shida hiyo alikuwa mtu wa ndege. Malcolm Loughead, Mmarekani, alikuwa akiunda ndege California pamoja na nduguye Allan. Jina lao lilisomwa vibaya na watu mpaka wakaamua kuliandika linavyotamkwa, na ndiyo maana tunalijua kama Lockheed. Mwaka 1917 Malcolm alipata hataza ya breki zinazosukumwa na kimiminika. Kanuni yenyewe ilikuwa ya Mfaransa Blaise Pascal, wa karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, shinikizo linafika kila upande kwa usawa. Chukua mabomba mawili ya sindano uyaunganishe kwa mrija uliojaa maji. Ukisukuma moja, jingine linatoka. Sasa fikiria bomba moja chini ya mguu wa dereva, yaani masta silinda, na mengine manne magurudumuni. Suala la kusawazisha linajimaliza lenyewe, kwa sababu maji hayana upendeleo.

Mwaka 1921 Jimmy Murphy alishinda Grand Prix ya Ufaransa kule Le Mans akiendesha Duesenberg yenye breki za aina hiyo, na kampuni hiyohiyo ikaziweka kwenye gari lake la barabarani, Model A. Lilikuwa gari la matajiri. Tena ile mipira ya mwanzo ya kuzuia kuvuja haikuwa mipira. Ilikuwa vikombe vya ngozi, na ngozi inavuja. Wahandisi wa Chrysler ndio waliobadilisha wakaweka raba, na mwaka 1924 kampuni hiyo ikauza gari la bei ya kadiri lenye breki za kimiminika magurudumu yote manne.

Henry Ford hakushawishika. Alibaki na fimbo zake mpaka magari ya mwaka 1939, na matangazo yake yakijisifu kwamba kutoka pedeli hadi gurudumu ni chuma kitupu. Siku hizi watu humcheka kwa hilo. Mimi, baada ya Monduli Juu, namwelewa kidogo. Fimbo moja ikikatika unabaki na tatu, ilhali katika mfumo wa awali wa kimiminika paipu zote zilitoka kwenye masta moja yenye chumba kimoja, na tundu la ukubwa wa ncha ya pini popote pale linakunyang'anya breki zote nne kwa mpigo. Land Rover za Series II zilizojaa kwenye mashamba, misheni na ofisi za wilaya za Afrika Mashariki zilikuwa za mtindo huo. Vizazi vya madereva vilijifunza kupampu pedeli mara mbili kabla ya kuanza mteremko, kusikiliza mguu unaambiwa nini.

Jibu lilikuja miaka ya 1960: igawe masta iwe vyumba viwili, na kila chumba kiwe na njia yake. Cadillac ilifanya hivyo mwaka 1962. Volvo 144 ya mwaka 1966 ilikwenda mbali zaidi, kila njia ikashika magurudumu yote mawili ya mbele na moja la nyuma, hivyo paipu moja ikipasuka unabaki na tatu. Marekani ikaufanya mgawanyo huo kuwa sharti la kisheria tangu 1968.

Lakini tundu linatoka wapi? Paipu za mwanzo zilikuwa za shaba. Shaba inakunjika kwa vidole na haishiki kutu, ila mtikisiko wa gari huifanya iwe ngumu, kisha ikachanika. Miaka ya 1920 Harry Bundy wa Detroit alichukua utepe wa chuma uliopakwa shaba, akauviringisha mara mbili kuwa mrija, akauingiza tanuruni mpaka shaba ikayeyuka na kuziunganisha tabaka. Ni kazi nzuri sana, na ndiyo iliyotawala dunia. Adui yake ni mmoja tu, chumvi. Aprili 2015 mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani ilifunga uchunguzi wa miaka mitano kuhusu paipu zilizoliwa na kutu kwenye pikapu na magari makubwa ya miaka ya 1999 hadi 2003. Haikuamuru yarudishwe kiwandani. Iliwashauri wenye magari waoshe uvungu na wakague paipu, kwa kuwa huko humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu.

Sisi hatuna barafu, lakini Tanga, Mombasa na Dar es Salaam zina upepo wa bahari, na gari lililotumika kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, linaweza kushuka bandarini likiwa limeshakula chumvi ya miaka kumi. Juu linang'aa. Lala chini na tochi.

Dawa ipo, na si mpya: aloi ya shaba asilimia 90 na nikeli 10, ambayo Volvo ilianza kuitumia mwaka 1976. Haishiki kutu na inakunjika vizuri. Mzee alinifungia hiyo. Alikata, akapanua mdomo wa paipu kwa kifaa cha mkono, akakagua kila mdomo dhidi ya mwanga. Akanionyesha jambo ambalo limeua watu: nati ya Kiingereza ya inchi 3/8 na nati ya Kijapani ya milimita 10 zinafanana machoni, tofauti yake haifiki nusu milimita. Ukichanganya, nati inaingia kwenye uzi usio wake, inakaza, unadhani umemaliza, na siku ukikanyaga kwa hofu inachomoka. Akatupa pia hosipaipu za raba ingawa nje zilikuwa safi. Raba huvimba kwa ndani ikawa kama mlango wa upande mmoja: shinikizo linapita kwenda, halirudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Na neno juu ya "mafuta ya breki". Jina hilo limewaponza wengi. Si mafuta, ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, na aliyejazia oili ya injini ameua kila raba iliyomo. Kinanyonya unyevu wa hewa pia. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 140, na ikichemka mteremkoni unakanyaga mvuke.

Diski nilizozitamani nazo zina historia ndefu. Frederick Lanchester alipata hataza yake Birmingham mwaka 1902, lakini diski zilisubiri hadi 1953, Jaguar za C-Type ziliposhinda saa 24 za Le Mans kwa kuchelewa kufunga breki kuliko wengine. Citroën DS ilizileta kwa raia mwaka 1955. Range Rover ya 1970 ilizaliwa nazo magurudumu yote manne. Land Rover ya kazi ilisubiri hadi 1983, nazo zikawa za mbele tu.

"Tutaziweka," mzee alisema, "lakini si leo." Dramu inajisaidia: kiatu cha mbele kikigusa, mzunguko wenyewe unakivuta kibane zaidi. Diski haina msaada huo, kwa hiyo inadai busta, masta ya kipimo chake, na kuondolewa kwa kivali kinachobakiza shinikizo dogo kwa ajili ya dramu, la sivyo pedi hazitaachia. Shinikizo hilo lote lingepita kwenye paipu ile iliyokatika kama mdalasini.

Alasiri tukatoa upepo, tukianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta. Kijana wake alikaa kwenye usukani, mzee chini na chupa na mpira mwembamba. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha moja moja. Waliporudia gurudumu la nne, kijana alichungulia dirishani bila kuulizwa.

"Imekuwa ngumu, mzee."

"Kanyaga tena," sauti ilijibu kutoka chini.