Vitamini D na nguvu za misuli kwa vijana

Kijana aliyepungukiwa vitamini D kwa muda mrefu anaweza asilalamike mifupa. Hulalamika kuwa miguu imechoka. Akichuchumaa hainuki mpaka ashike kitu au ajisukume kwa mikono kwenye mapaja. Kupanda mlima ni shida, kujitwisha ndoo ni shida. Udhaifu huu hukaa kwenye mapaja, nyonga na mabega, pande zote mbili, na huja polepole kwa wiki na miezi. Nyumbani ataitwa mvivu.

Sehemu kubwa ya vitamini hii tunaitengeneza wenyewe. Ngozi ikipigwa na jua huianzisha, kisha hupita kwenye ini na figo ndipo ianze kazi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza madini ya kalsiamu na fosforasi kutoka kwenye chakula. Madini hayo hukomaza mifupa, na misuli nayo huyahitaji ili ijikunje na kupata nguvu. Yakipungua kwa mtoto mdogo, mifupa hulainika na kupinda, ndiyo matege. Kijana anayerefuka kwa kasi huyahitaji kwa wingi zaidi.

Msikilizaji atauliza: upungufu gani, na jua hili lote la Tanzania? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya Wamasai na Wahadzabe 60 wanaoishi kwa desturi zao, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita. Chini ya 30 huhesabiwa upungufu, na 50 huwatosha watu wengi. Lakini hao ni watu wanaoshinda nje. Fikiria binti wa kazi za ndani, fundi cherehani, mwanafunzi wa bweni anayetoka darasani jioni, au kijana mwenye ulemavu anayefichwa chumbani. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana hakuna anayemuona akidhoofika. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Tumezoea kusikia kwamba jua la asubuhi ndilo lenye vitamini. Ukweli ni kwamba jua likiwa chini, miale inayohitajika hutufikia kidogo sana. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukuzidi, ngozi inatengeneza kidogo, kikiwa kifupi kuliko wewe, inatengeneza vizuri. Jua la nyuma ya kioo cha dirisha halisaidii. Si lazima uungue. Mikono na miguu ikiwa wazi, dakika chache ukiwa kwenye shughuli zako, mara kadhaa kwa wiki. Mwenye ualbino hahusiki na ushauri huu. Jua humletea saratani ya ngozi, aendelee kujikinga.

Kwenye chakula, vitamini D ipo katika samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai. Jua peke yake halitoshi kama sahani haina kalsiamu: huko Nigeria matege yameonekana kwa watoto wanaopata jua la kutosha, kwa sababu mlo wao una kalsiamu kidogo mno. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na uji wa ulezi ni msaada mkubwa, na vyote vipo sokoni kwetu.

Je, vidonge? Huko Manchester, Uingereza, wasichana 99 wa miaka 12 hadi 14 walipimwa kwa kuruka, na matokeo ya mwaka 2009 yalionesha kuwa wenye vitamini D kidogo waliruka kwa nguvu ndogo. Hiyo haina maana kwamba aliyenayo ya kutosha akimeza vidonge atakuwa na misuli zaidi. Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu, mtu hupata kiu kali, hutapika, hata figo huumia. Pima kwanza, dozi ipangwe na daktari. Anayetumia dawa za kifafa kwa miaka mingi amweleze, kwa sababu baadhi hupunguza vitamini hii, lakini asiziache mwenyewe.

Udhaifu uliokuja ghafla, wa upande mmoja, au unaoambatana na homa au shida ya kumeza si wa kungojea jua. Vivyo hivyo miguu inayokakamaa ghafla kwa watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Huo huenda ni ugonjwa wa konzo. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.