Uingereza kati ya Washington na Brussels

Tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kila serikali mjini London imetaka kuwa mshirika wa karibu zaidi wa Marekani bila ya kuipa kisogo Ulaya. Historia ya miaka 80 inaonyesha kwamba siasa hiyo ya kuwa daraja imefanikiwa pale tu ilipokubaliwa na watu wa kingo zote mbili.

Mlangobahari unaoitenganisha Uingereza na bara la Ulaya una upana wa kilomita zipatazo 33 tu mahali palipo pembamba zaidi, kati ya Dover na Calais. Marekani iko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, katika masuala ya vita na amani, London imezoea kuitazama Washington kwanza. Katika biashara mambo ni kinyume: takriban asilimia 40 ya bidhaa na huduma ambazo Uingereza inaziuza nje hununuliwa na nchi za Umoja wa Ulaya. Ulinzi wa taifa hilo unategemea upande mmoja, riziki yake inategemea upande wa pili, na hakuna waziri mkuu aliyewahi kuzipatanisha kwa muda mrefu haja hizo mbili.

Miduara mitatu ya Churchill

Mnamo Oktoba 1948, Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo kiongozi wa upinzani, aliuambia mkutano wa chama chake cha Conservative mjini Llandudno, Wales, kwamba nchi yake imesimama pale inapokutana miduara mitatu: himaya na Jumuiya ya Madola, mataifa yanayozungumza Kiingereza yakiongozwa na Marekani, na Ulaya iliyoungana. Kwa maoni yake, hakuna nchi nyingine iliyokuwamo katika miduara yote mitatu, na kwa hiyo Uingereza haikuwa na sababu ya kuchagua mmoja na kuiacha mingine.

Serikali ya chama cha Labour iliyokuwa madarakani haikuwa mbali na fikra hiyo. Waziri wake wa mambo ya nje, Ernest Bevin, alihofia kwamba Wamarekani wangerejea kwao na kuiacha Ulaya peke yake, kama walivyofanya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Alikuwa miongoni mwa waliofanya juhudi kubwa zaidi hadi nchi 12 zikatia saini mjini Washington, tarehe 4 Aprili 1949, mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Kujihami ya NATO.

Lakini tarehe 9 Mei 1950, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipopendekeza makaa ya mawe na chuma cha pua cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja ya pamoja, Uingereza ilikataa kujiunga. Migodi yake ya makaa ilikuwa imetaifishwa mwaka 1947, na biashara yake na nchi za Jumuiya ya Madola ilikuwa kubwa kuliko ile ya Ulaya. Miaka mitano baadaye, nchi sita zilizokutana Messina, Italia, zilianza kuandaa soko la pamoja. London ilituma afisa wa wizara ya biashara kwenye mazungumzo yaliyofuatia, kisha ikajitoa kabla ya mwaka 1955 kumalizika.

Suez: msiba mmoja, mafunzo mawili

Kilichoitikisa hesabu hiyo ni mfereji wa Suez. Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri aliutaifisha mfereji huo tarehe 26 Julai 1956. Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kwa siri na Israel, katika kitongoji cha Sèvres karibu na Paris, kwamba Israel ishambulie kwanza, kisha majeshi yao yaingie kwa kisingizio cha kuwatenganisha wapiganaji. Rais Dwight Eisenhower wa Marekani hakushauriwa, na alikasirika. Thamani ya paundi ilipokuwa ikiporomoka, Washington ilizuia msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mpaka Uingereza ikubali kusitisha vita na kuondoka. Vita vilisimamishwa usiku wa tarehe 6 Novemba, na waziri mkuu Anthony Eden alijiuzulu Januari 1957.

Nchi mbili zilizoshindwa pamoja zilijifunza mambo mawili tofauti. Paris ilihitimisha kwamba Marekani haitegemeki, na kwamba Ulaya lazima iwe na nguvu zake yenyewe. Mkataba wa Roma, uliounda Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ulitiwa saini tarehe 25 Machi 1957. London nayo ilihitimisha kwamba isithubutu tena kwenda vitani dhidi ya matakwa ya Marekani. Waziri mkuu mpya, Harold Macmillan, aliharakisha kuurekebisha uhusiano huo, na mwaka 1958 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa ushirikiano katika silaha za nyuklia. Tofauti nyingi zilizozuka baadaye kati ya London na Paris kuhusu ulinzi wa Ulaya zina mizizi yake katika majuma yale machache.

Makombora ya Nassau na kura ya turufu ya de Gaulle

Uchumi wa nchi sita za Ulaya ulipokuwa ukikua kwa kasi, Macmillan alibadili mawazo, na mwaka 1961 Uingereza iliomba uanachama. Mazungumzo yalikuwa hayajamalizika pale Marekani ilipoufuta mradi wa kombora la Skybolt, ambalo jeshi la anga la Uingereza lilikuwa likilisubiri. Desemba 1962, Macmillan alikutana na Rais John F. Kennedy mjini Nassau, visiwa vya Bahama, na akapewa badala yake makombora ya Polaris yanayorushwa kutoka katika nyambizi.

Kwa Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Tarehe 14 Januari 1963 aliwaeleza waandishi wa habari kwamba Uingereza ni nchi ya kisiwa, iliyofungamana na mataifa ya mbali, na kwamba kuingia kwake kungeigeuza Jumuiya kuwa sehemu ya jumuiya kubwa ya Atlantiki inayoongozwa na Marekani. Siku nane baadaye alitia saini pamoja na Kansela Konrad Adenauer Mkataba wa Élysée, uliokuwa msingi wa urafiki wa Ufaransa na Ujerumani. Ombi la pili, lililowasilishwa na Harold Wilson mwaka 1967, nalo lilikataliwa na de Gaulle, ingawa Wilson alikuwa amekataa kupeleka wanajeshi Vietnam kama Washington ilivyotaka.

Mafungamano ya Nassau yapo hadi leo. Nyambizi nne zenye silaha za nyuklia, ambazo kituo chao kiko Faslane, Scotland, hubeba makombora ya Trident yanayochukuliwa katika akiba ya pamoja iliyoko katika jimbo la Georgia, Marekani. Vichwa vyake hutengenezwa Uingereza, na amri ya kuyarusha iko mikononi mwa waziri mkuu. Hata hivyo, silaha hiyo haiwezi kudumu miaka mingi bila ya ushirikiano wa Wamarekani.

Ndani ya Ulaya kwa miaka 47

Baada ya de Gaulle kujiuzulu mwaka 1969 mlango ulifunguka. Waziri mkuu Edward Heath, aliyeitazama Ulaya kwanza kuliko mtangulizi au mrithi wake yeyote, aliiingiza Uingereza katika Jumuiya tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Ireland na Denmark. Katika kura ya maoni ya Juni 1975, asilimia 67 ya wapigakura waliunga mkono kubakia.

Hatua hiyo ilifika hadi Afrika. Makoloni ya zamani ya Uingereza yalikuwa yakiuza sukari, kahawa na chai yao London kwa masharti nafuu, na ilibidi yapatiwe nafasi katika soko jipya. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975 kati ya Jumuiya ya Ulaya na nchi 46 za Afrika, Karibiki na Pasifiki, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda.

Margaret Thatcher aliipigia debe Ulaya mwaka 1975, na serikali yake ilikuwa mstari wa mbele kuliunda soko la pamoja lisilo na vikwazo katika miaka ya 1980. Alichokikataa ni muungano wa kisiasa. Katika hotuba yake ya Bruges, Ubelgiji, Septemba 1988, alionya dhidi ya madaraka kurundikwa Brussels. Wakati huo huo urafiki wake na Rais Ronald Reagan uliipa London sauti mjini Washington, ijapokuwa Marekani iliivamia Grenada, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Madola, mwaka 1983 bila ya kuujali upinzani wake. Mrithi wake, John Major, aliusaini Mkataba wa Maastricht mwaka 1992 kwa sharti kwamba Uingereza isilazimike kuingia katika sarafu ya pamoja.

Daraja lavunjika Iraq

Tony Blair aliamini kwamba angeweza kukaa katika viti vyote viwili. Desemba 1998 alikubaliana na Rais Jacques Chirac mjini Saint-Malo kwamba Umoja wa Ulaya uwe na uwezo wake wa kijeshi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, mwaka 2001, alisimama bega kwa bega na Rais George W. Bush, akitumaini kwamba ukaribu huo ungempa nafasi ya kumshauri.

Vita vya Iraq vya mwaka 2003 vilimtaka achague. Chirac na Kansela Gerhard Schröder wa Ujerumani walipinga uvamizi; Blair aliuunga mkono na kupeleka wanajeshi wapatao 46,000. Umoja wa Ulaya uligawanyika. Aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Robin Cook, alijiuzulu kutoka baraza la mawaziri, na Bunge liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149. Wanajeshi 179 wa Uingereza walipoteza maisha nchini Iraq, na idadi ya Wairaqi waliokufa ni kubwa mno kuliko hiyo. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir John Chilcot ilihitimisha kwamba njia za amani hazikuwa zimemalizika, na kwamba Blair alikuwa ameukadiria kupita kiasi ushawishi wake kwa Marekani.

Ripoti hiyo ilitolewa tarehe 6 Julai 2016. Nguzo ya pili ya daraja ilikuwa imeanguka majuma mawili kabla.

Talaka ya mwaka 2016

Katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya wapigakura waliamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Rais Barack Obama alikuwa amekwenda London miezi miwili kabla na kuwaonya kwamba wasitarajie mkataba wa haraka wa biashara na Marekani. Kwa Washington, thamani ya Uingereza ilikuwa pamoja na kiti chake mjini Brussels.

Nchi hiyo iliondoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Mkataba mkubwa wa biashara na Marekani ulioahidiwa na waliopigania kujitoa haukupatikana. Na pale serikali ya Boris Johnson ilipotishia kukiuka makubaliano kuhusu mpaka wa Ireland Kaskazini, wabunge wa Marekani walionya kwamba hakutakuwa na mkataba wowote iwapo amani ya Ireland itahatarishwa. Waliotaka kuiacha Ulaya na kuifuata Marekani waligundua kwamba kingo hizo mbili nazo huzungumza.

Afrika Mashariki nayo iliguswa tena. Kenya ililazimika kujadiliana upya na London, na Desemba 2020 ilitia saini mkataba wake wa biashara bila ya washirika wake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili maua, chai na mboga zake zisitozwe ushuru.

Kurudi mezani bila ya kiti

Uvamizi wa Urusi nchini Ukraine mwaka 2022 uliikutanisha tena Uingereza na majirani zake. Kurejea kwa Donald Trump madarakani Januari 2025 kulilifanya jambo hilo kuwa la dharura. Siku mbili baada ya majibizano makali kati ya Trump na Rais Volodymyr Zelensky katika Ikulu ya White House, waziri mkuu Keir Starmer aliwakusanya viongozi wa Ulaya mjini London, tarehe 2 Machi 2025.

Mwezi Mei mwaka huo aliuvuka mto mara mbili. Tarehe 8 alitangaza makubaliano na Marekani yaliyopunguza ushuru wa magari na chuma, huku ushuru wa msingi wa asilimia 10 ukibakia. Tarehe 19 alisaini ushirikiano wa usalama na ulinzi na Umoja wa Ulaya. Lakini mazungumzo ya kuiruhusu Uingereza kushiriki kikamilifu katika mfuko wa Ulaya wa mikopo ya silaha, wenye thamani ya euro bilioni 150, yalivunjika mwezi Novemba kwa sababu ya mchango uliotakiwa. Asiye mwanachama hulipia mlangoni.

Starmer amesema mara kwa mara kwamba Uingereza haina haja ya kuchagua, maneno ambayo Churchill angeyatambua. Lakini Churchill alizungumza kwa niaba ya himaya, na Blair kwa niaba ya mwanachama mkubwa wa Umoja wa Ulaya. Mduara wa kwanza umetoweka, Uingereza imejitoa yenyewe katika wa tatu, na ule wa Marekani sasa unategemea hiari ya rais mmoja. Waswahili husema mshika mawili moja humponyoka. Suala linaloikabili London leo ni iwapo inaweza kushika hata hilo moja bila ya msaada wa majirani walioko kilomita 33 tu kutoka pwani yake.