Jinsi Mlango wa Klorokwini Ulivyoonekana

Wasomaji wetu walio watu wazima hawajaisahau klorokwini. Ilikuwa dawa chungu, nayo iliwawasha wengi mwili mzima hata wakakosa usingizi. Lakini iliponya malaria, tena bei yake haikumshinda mkulima wa viazi wa huku kwetu Gairo. Wajerumani ndio walioitengeneza kwanza, mwaka 1934. Mwaka 1978 ikajulikana ya kuwa katika Kenya na Tanzania wamo wadudu wa malaria wasiouawa nayo. Tangu hapo ikazidi kudhoofika, watoto wakimezeshwa vidonge na homa isitoke, hata mwaka 2001 Serikali ikaiacha, ikaweka SP mahali pake, na mwaka 2006 ikachagua dawa mseto.

Je, mdudu aliishindaje dawa? Yeye hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, akizila. Mwilini mwake mna kifuko, mfano wa tumbo, na humo ndimo klorokwini ilimokuwa ikikusanyika na kumwua, kwa kuzuia taka za damu aliyokula zisigeuzwe kuwa kitu kisichodhuru. Kifuko hicho kimezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na katika utando umo mlango wa protini. Mwaka 2000 wenye elimu walitambua ya kuwa katika wadudu sugu mlango huo umebadilika, hasa kiungo cha 76 katika mnyororo wa viungo 424: laisini imetoka, threonini imeingia. Kwa mlango huo dawa hutolewa nje.

Hata hivyo ilipita miaka 19 kabla umbo la mlango wenyewe halijaonekana, na sababu yake yafaa tuieleze.

Protini za namna hii huishi ndani ya mafuta. Zikitolewa na kutiwa majini hugandamana na kuharibika. Kila mama aliyeosha kibuyu cha samli ajua ya kuwa maji matupu hayafai kitu, sharti sabuni. Mabingwa nao walitumia sabuni za maabara, ambazo huuyeyusha utando, kisha huizunguka protini, upande upendao mafuta ukielekea ndani na upande upendao maji ukielekea nje. Kwa njia hii Hartmut Michel alipata fuwele za protini ya bakteria itumiayo nuru ya jua. Yeye pamoja na Johann Deisenhofer na Robert Huber wakalitangaza umbo lake mwaka 1985, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Lakini sabuni ni makao ya taabu. Protini nyingi hulegea humo na kupotoka, na mwenye kuitazama hana hakika kama hilo ndilo umbo lake la nyumbani. Basi Stephen Sligar na wenzake, huko Illinois katika Marekani, wakabuni kisahani cha mafuta, upana wake yapata sehemu moja ya laki moja ya milimita. Ukingoni kimefungwa mshipi wa protini, kama ungo ulivyozungushiwa ukingo wake. Na mshipi huo umeigwa kwa protini ya damu yetu ichukuayo mafuta. Kwa maoni yetu hiyo ni akili kubwa kuliko sabuni zote.

Katika kisahani cha namna hiyo kundi la Filippo Mancia na David Fidock, wa Chuo Kikuu cha Columbia, waliuweka mlango wa klorokwini. Kwa kuwa ni mdogo mno, waliuambatisha na kipande cha kingamwili, wakaugandisha kwa baridi kali, wakaupiga picha kwa darubini ya elektroni. Mwaka 2019 wakatangaza waliyoyaona: nguzo 10 zipitazo katika utando, katikati shimo, na mahali palipobadilika pamelizunguka shimo hilo. Laisini ina umeme chanya, na klorokwini vilevile. Wanaeleza ya kuwa viwili hivyo husukumana. Threonini haina umeme huo, kwa hiyo dawa hupita.

Mlango uliopigwa picha ulikuwa wa mdudu wa Brazili, wala si wa namna iliyoenea zaidi kwetu, ingawa alama zake zilionekana Korogwe mwaka 2004. Badiliko la kiungo cha 76 ni lile lile.

Tena mlango huo humlemea mdudu mwenyewe dawa isipokuwapo. Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993. Ilipojaribiwa tena Blantyre mwaka 2005, katika watoto 80 ni mmoja tu ambaye haikumponya.