Selimundu na tiba ya jeni

Selimundu, au sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi unaotokana na kasoro katika jeni ya beta-globini, iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Herufi moja tu ya DNA imebadilika, A ikawa T, na asidi amino ya sita ya protini hiyo ikawa valini badala ya asidi glutamiki. Himoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Chembe nyekundu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo: mifupa huuma vibaya, damu hupungua, na mtoto mdogo huvimba vidole vya mikono na miguu.

Anayerithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyeirithi kwa mmoja kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Ndiyo sababu ugonjwa huu umeshamiri kwenye maeneo yenye malaria nyingi, kama pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Victoria.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima. Tumboni alitumia himoglobini ya kijusi, inayotengenezwa kwa jeni za gama-globini, ambazo hazina kasoro. Baada ya kuzaliwa jeni hizo hunyamazishwa, ya beta ikashika kazi, na dalili huanza kujitokeza kwenye umri wa miezi sita hivi. Jeni za gama hazipotei, huzimwa tu. Mmoja wa wazimaji wakuu ni protini BCL11A, iliyotambuliwa kwa kazi hiyo mwaka 2008.

Hapo ndipo ilipopatikana njia ya tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Wengi hudhani kwamba inasahihisha ile herufi iliyokosewa, sivyo. Seli shina za mgonjwa hutolewa, kisha CRISPR, mkasi wa DNA, hukata sehemu inayoamrisha BCL11A itengenezwe katika seli zinazozaa chembe nyekundu, na hivyo jeni za gama huwashwa tena na himoglobini ya kijusi hutengenezwa. Uboho wa zamani huteketezwa kwa dawa kali, busulfani, ndipo seli zilizohaririwa zirudishwe mwilini. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kubwa la maumivu. Ila busulfani inaweza kuharibu uzazi, na bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo mtoto wa Kilifi au Mwanza, kwa sasa, hutegemea zaidi haidroksiyurea, kidonge cha zamani ambacho nacho huongeza himoglobini ya kijusi. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola na kuchapishwa 2019, uliwafuatilia watoto waliokuwa wakiitumia: maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Dawa humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa kipimo kikizidi uboho hulemewa.