Pit

Pit ni mchezo wa karata wa Marekani, uliotolewa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1904, ambao unaiga zogo la wanunuzi na wauzaji katika soko la nafaka la Chicago. Kila zao, kama vile ngano, mahindi au shayiri, lina karata 9, na idadi ya mazao hulingana na idadi ya wachezaji. Karata zikishagawanywa hakuna zamu: wote hubadilishana kwa wakati mmoja, kila mtu akiinua karata 1 hadi 4 za zao moja, nyuso zikiwa zimefichwa, huku akipaza sauti kutaja idadi tu, "Mbili! Mbili!", hadi ampate mwenye idadi hiyohiyo. Kelele hizo ndizo uhai wa mchezo, kwani mwenye sauti ya chini hubaki na karata zake. Anayetangulia kukusanya karata zote 9 za zao moja, yaani kuhodhi soko, hupiga kengele. Matoleo mengi huongeza karata ya fahali, inayoweza kushika nafasi ya zao lolote, na ya dubu, isiyo na faida yoyote, ambayo humkata alama 20 anayeishia nayo, hivyo kila mmoja hufanya haraka kumpenyezea mwenzake.