Mlinda Lango wa Wajapani

Yoshikatsu Kawaguchi alizaliwa mwaka wa 1975 katika mkoa wa Shizuoka, ambao Wajapani huuhesabu kuwa chimbuko la wachezaji wao wa mpira. Kimo chake, kisichozidi futi sita, kilikuwa haba kwa kazi ya kulinda lango. Upungufu huo aliufidia kwa wepesi na ujasiri. Jina lake lilivuma tarehe 21 Julai, 1996, mjini Miami, katika Michezo ya Olimpiki. Wabrazili walipiga mashuti 28, wala hapana hata moja lililoingia. Japani ikashinda kwa bao moja. Wajapani huuita ushindi huo mwujiza, neno ambalo pengine humpunja aliyeufanyia kazi.

Sifa haikumkinga na uchungu. Mwaka wa 2001 alikwenda Portsmouth, Uingereza, na baada ya miezi michache akapoteza nafasi yake. Akahamia Denmark, ambako pia alicheza kwa nadra. Mwingine angalihesabiwa kuwa amekwisha. Lakini katika Kombe la Asia la 2004, mjini Chongqing, wenzake wawili walikosa penalti za kwanza dhidi ya Yordani, naye, katikati ya zomeo la watazamaji Wachina, akaokoa mikwaju hata Japani ikapita, na mwishowe ikatwaa kombe. Miaka miwili baadaye, nchini Ujerumani, alizuia penalti ya Srna wa Kroatia.

Aliichezea nchi yake mara 116. Aliacha mchezo mwaka wa 2018, akiwa na umri wa miaka 43, katika Sagamihara, klabu ya daraja la tatu.