Tumbo Langu Halikuwa na Minyoo

Nikiwa darasa la nne nilikuwa naumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi. Si mchezo, najikunja kitandani hadi natoa machozi. Mathe alinipeleka kliniki ya mtaani mara nne, na mara nne tukarudi na dawa ya minyoo. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona Jumamosi tumbo liko sawa. Jibu lilikuwa mwalimu mmoja niliyemwogopa kuliko giza.

Siwaambii hii mnionee huruma. Nimekuja kujua kwamba kuuliza hilo swali la Jumamosi ni kazi ya mtu. Anaitwa mwanasaikolojia wa watoto, na kazi yake iko na historia.

Tuanzie Marekani, mwaka wa 1896. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kulikuwa na jamaa anaitwa Lightner Witmer. Mwalimu alimletea kijana wa miaka 14 ambaye tahajia ilikuwa imemshinda kabisa. Witmer akampima, akapata macho yana shida. Kijana akapewa miwani na akafundishwa upya. Hiyo ndiyo huhesabiwa kliniki ya kwanza ya saikolojia. Kwa huyo kijana, kilichoonekana kama shida ya kichwa kilikuwa kwa macho. Kwangu mimi, kilichoonekana kama shida ya tumbo kilikuwa kichwani. Ndiyo maana mwili na akili vinafaa kuangaliwa pamoja.

Lakini kwa miaka mingi daktari wa watoto alibaki na mwili, mwanasaikolojia akabaki na akili, kila mtu na jengo lake. Mwaka wa 1967 Logan Wright akaandika makala akieleza kazi ya mwanasaikolojia anayeshirikiana na madaktari wa watoto. Mwaka uliofuata chama chao kikaanzishwa. Miaka ya 1970, Chapel Hill, North Carolina, Carolyn Schroeder na wenzake wakaingia kufanya kazi ndani ya kliniki ya kawaida ya watoto. Wakatenga saa ya wazazi kupiga simu na kuuliza mambo ya kawaida tu: mtoto halali, anakojoa kitandani, anakataa kula.

Umeona ujanja wake? Mzazi haambiwi "mpeleke mtoto kwa wagonjwa wa akili." Mtoto amekuja na kikohozi au chanjo, daktari anashuku kitu, anamvusha hadi chumba cha pili siku hiyo hiyo. Huko wanaongea kidogo, mzazi anafunzwa la kufanya nyumbani. Mtoto wa pumu au kisukari anasaidiwa kukubali dawa zake. Hakuna jirani anajua umeingia mlango gani.

Sasa rudi hapa kwetu. Sisi mlango wetu ulijengwa mbali. Mathari ilifunguliwa 1910, enzi za mkoloni, kama mahali pa kufungia watu walioitwa wendawazimu. Kuanzia 1938 ilisimamiwa na Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye alipopewa hiyo kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Huyo ndiye alikuwa mtaalamu wetu. Mtu kama huyo angeuliza mtoto Mwafrika anaogopa nini?

Mkoloni akaenda, jina likabaki. Sote tumekua tukisikia "utapelekwa Mathari" kama tusi. Mzazi gani atakubali mtoto wake aende huko kwa sababu ya tumbo la Jumatatu? Heri minyoo.

Mwaka wa 1978, kule Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kuwa afya ya msingi iwe karibu na watu, na kwamba afya ni mwili, akili na maisha ya mtu na wenzake. Kwetu, jopokazi la 2020 lilipendekeza afya ya akili itangazwe janga la kitaifa, na 2022 sheria ikarekebishwa, kaunti zikapewa jukumu la huduma hizi. Karatasi ziko sawa. Lakini enda zahanati ya mtaa wako uulize chumba cha mwanasaikolojia wa watoto kiko wapi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla niache, tumbo lilikuwa limerudi, kila wiki ya mitihani. Sisemi swali moja la darasa la nne lingeniweka chuoni. Nasema tu ningekuwa najua tumbo langu huongea nini.

Wanasaikolojia hawatatosha kesho, hiyo naelewa. Lakini nesi anaweza kufunzwa kuuliza swali moja zaidi kabla ya kuandika dawa. Na wewe uko na ndugu mdogo hapo nyumbani. Akisema kichwa kinauma kila siku ya shule, usimwambie anajifanya. Mpeleke kliniki, halafu muulize swali la Jumamosi.

Wewe je, yako ilikuwa inauma siku gani?